Maduka Matatu ya Mapazia

9 Februari

Mwanangu Mtundu,

Marahaba. Naitikia kabla hujanisalimu, kwa sababu najua ukiifungua barua hii utasema shikamoo kwa sauti hata ukiwa peke yako chumbani. Ndivyo ulivyolelewa.

Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Karakana imepata pasi mpya ya mvuke, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na inalaza upindo mpaka unadhani kitambaa kilizaliwa hivyo. Chiriku bado anaongea kuliko cherehani yake. Kimya hajambo.

Na wenzako wa ofisini, hawajambo? Kila anayeingia hapa namwambia kwamba binti wa kaka yangu anafanya kazi ghorofani, kazi ya kuyafanya maduka yaonekane mtandaoni. Wengine nimewaambia mara mbili. Wamevumilia.

Simu naitumia kuuza. Mambo ya nyumbani nayaandika, maana karakana hii ina masikio kuliko mashine.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba mimi na wanangu wawili kila mmoja ana duka lake mtandaoni: la kwangu, la Kimya na la Chiriku. Tuliyafungua mwaka jana, na mwanzoni yote yalikuwa yakileta wateja. Juzi aliingia mwalimu mkuu mmoja, mteja wangu wa tangu zamani. Akasimama mlangoni ananitazama kama mtu aliyeona mzimu.

“Mama, kumbe upo!”

“Nisiwepo niende wapi?”

“Nimekutafuta mtandaoni, nimeandika ‘mapazia ya kushonwa’, nikampata mwanao mdogo. Nikajua umestaafu.”

Nimestaafu! Mimi! Nilimkatia mapazia ya madarasa yake palepale, mbele ya macho yake, ili aone mkono uliostaafu unavyokata.

Baadaye nilitafuta mwenyewe. Ni kweli. Duka la Chiriku liko juu linapunga mkono. La kwangu na la Kimya hayapo, labda uchimbe mpaka kurasa ambazo hakuna binadamu anayefika. Chiriku anaapa kwamba hajafanya kitu. Namwamini. Lakini kwa nini mtambo wa kutafuta umtoe mama umweke mtoto? Wewe ndiye mtaalamu wa ukoo. Nieleze kwa lugha ya mtu anayejua kitambaa.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nimeisema kwa sauti. Mimi mzima. Huku joto limepungua, na jirani yangu wa juu ameacha kujifunza tarumbeta, kwa hiyo nalala. Mwambie baba asipande ngazi za stoo, goti halihongwi kwa jua.

Nimeyafungua maduka yote matatu nikayaweka sambamba kwenye skrini. Shangazi, nilicheka kisha nikasikitika. Ukurasa wa kwanza wa kila duka unasema: “Mapazia bora ya kushonwa kwa mkono wa fundi mwenye uzoefu.” Picha ni zile zile, hata ile yenye kivuli cha ndoo. Kilichobadilika ni rangi ya juu na jina. Ni fundi gani aliyewatengenezea?

Sasa kwa lugha ya kitambaa. Mtambo wa kutafuta kazi yake ni kumpa mtu majibu yanayotofautiana. Ukiletewa sampuli tatu zimekatwa kwenye gora moja, utambandikia mteja zote tatu kwenye ubao? Hapana, utabandika moja, mbili utazirudisha kabatini. Ndicho ulichofanya mtambo. Haujawaadhibu wala haumchukii mtu. Umeona kitu kimoja mara tatu, ukachagua kimoja. Kwa nini la Chiriku? Kwa sababu anaandika kitu kipya kila wiki na wateja wake wanamrudia.

Na usimsikilize atakayekwambia tatizo ni kwamba maduka yote yako kwenye seva moja. Nyumba tatu kwenye kiwanja kimoja si kosa. Kosa ni milango mitatu inayoingia chumba kimoja.

Ushauri wangu ni mfupi: yaunganisheni yawe duka moja. Anwani mbili zitakazofungwa nitazielekeza kwenye ile moja, mteja akibisha mlango wa zamani ajikute kwenye mpya. Duka moja lenye nguvu za watu watatu.

Hujaniambia habari za dada Kimya zaidi ya neno moja. Nimemtumia ujumbe, hajajibu.

Mtundu wako


15 Machi

Mtundu,

Tu wazima. Goti vilevile.

Hapana.

Nakuheshimu kwa elimu yako, lakini hilo hapana. Ngoja nikwambie kitu ambacho baba yako anakijua, wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilianza kushona nikiwa msichana, kwenye duka la bwana mmoja mjini. Mapazia yangu yalitundikwa kwenye mahoteli na kwenye nyumba za wakubwa. Kila pazia lilikuwa na lebo ndogo nyuma ya upindo, na lebo ilikuwa na jina lake. Siku moja mke wa mkubwa mmoja aliingia, akashika pazia nililomaliza asubuhi hiyo, akamsifu bwana yule kwa marinda yake. Yake! Mtu ambaye hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano. Akainama akashukuru. Mimi nilikuwa nimekaa pale, uzi mdomoni.

Nilipofungua karakana yangu niliapa kwamba kila binti yangu atakuwa na lebo yake. Leo uniambie niwarudishe wote chini ya jina moja, hata kama jina lenyewe ni langu? Hasa kama ni langu.

Fundi aliyetutengenezea alikuwa kijana mwenye haraka. Aliyafyatua maduka matatu kama matofali, akaondoka kabla hayajakauka.

Tafuta njia nyingine. Wewe si uliitwa Mtundu kwa sababu ulifungua redio ya babu yako ukairudishia, ikaongea vizuri kuliko mwanzo?

Kimya hajambo, nimeshakwambia.

Shangazi


20 Aprili

Mtundu,

Barua imepotea, au aliyepotea ni wewe? Kama nimekukwaza kwa lile hapana, hapana yangu haina sumu, ina sauti kubwa tu. Niandikie hata mstari mmoja. Nimepiga simu ya ofisini kwako, sauti ngeni imeniambia nipige baadaye.

Baba yako anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Shangazi


4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Sijapotea wala hukunikwaza. Nilikuwa na mambo. Nakula. Usipige tena ile simu ya ofisini, na barua zako tuma kwa anwani niliyoiandika nyuma ya bahasha hii.

Habari ya lebo nimeisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nikiwa nimekaa. Nimeiacha hoja yangu. Maduka yabaki matatu.

Lakini sharti ni kwamba yawe matatu kweli. Kubadilisha rangi na jina hakusaidii, na kupindua maneno ya zamani, “bora” ukaweka “safi”, hakusaidii pia. Mtambo si mjinga, na mteja si mjinga zaidi. Kila duka lazima liwe na sababu ya kuwepo hata kama mengine mawili yangeungua. Kila mmoja wenu ajiulize: mteja wangu ni nani? Ananijia kwa shida gani? Mimi najua nini ambacho wenzangu hawakijui? Kisha aandike mwenyewe, kwa mdomo wake. Picha apige mwenyewe, za kazi yake, kwa simu yake. Mimi nitanyoosha mambo ya kiufundi. Mwandishi siwi, kwa sababu nikiwaandikia wote watatu mtarudi kuwa gora moja.

Chiriku amenipigia. Anasema kuna mtu anawauzia viungo, yaani tovuti nyingi za bandia zitakazoelekeza watu kwenu, na maduka yenu matatu yasukumane yenyewe kwa yenyewe mduara mzima. Mwambieni hapana ile yako yenye sauti kubwa. Viungo hivyo vinapandisha wiki moja, na mtambo ukishtuka vinawashusha wote, duka la Chiriku likiwemo.

Tena Chiriku kaniambia jambo ambalo ulikuwa hutaki kuniambia. Dada Kimya amehamisha cherehani yake tangu Januari. Shangazi, kila barua umeniandikia “hajambo”. Kwa nini?

Mtundu


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, safari hii nasema kweli.

Sikukwambia kwa sababu mtu hatangazi ufa wa nyumba yake kwa barua. Lakini sasa umeshaujua, basi uujue wote. Januari alikuja mteja akiwa na picha kwenye simu, anataka pazia kama lile. Lilikuwa pazia la Kimya, alilolihangaikia mwezi mzima, na picha ilikuwa kwenye duka la Chiriku, chini yake maneno ya Chiriku. Kimya aliitazama. Akamuuliza mdogo wake, “Hili umeshona wewe?” Chiriku akacheka tu, akasema pazia ni pazia, dada, yote yanatoka nyumba moja, na yule fundi ndiye aliyezigawa picha. Kweli ndiye aliyezigawa. Lakini kesho yake Kimya alikuja na mkokoteni, akapakia cherehani yake.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kisha nikaichukua nikaenda kwake. Amepanga chumba nyuma ya zahanati. Chumba kidogo, kimefagiwa, cherehani imewekwa dirishani ili mwanga uingilie bega la kushoto, kama nilivyomfundisha. Kwenye kamba kulikuwa na mapazia ya kijani yaliyofifia, yale yanayozungushiwa vitanda vya wagonjwa. Kumbe zahanati inamletea ya kurekebisha.

Nilimsomea barua yako. Alikuwa anatoa pini, hakuinua kichwa.

“Mama, Mtundu anataka niandike. Mimi sina maneno.”

“Nani kasema huna?”

“Tangu utotoni mnaniita Kimya, sasa mnataka nihutubie?”

Hapo nilikwama, mwanangu, na unajua mimi sikwami. Nikashika yale mapazia ya kijani nikauliza kwa nini ameyafupisha. Hayafiki chini, nikadhani amekosea kipimo. Akaniambia sababu. Akaniambia na sababu ya kitambaa cha juu, na ya marinda machache. Aliongea huku anatoa pini, moja baada ya moja, mpaka zikaisha, na bado anaongea.

“Hayo,” nikamwambia. “Andika hayo hayo.”

“Hayo si maneno, Mama. Hayo ni kazi.”

“Andika kazi, basi.”

Amekubali kuandika. Kurudi karakanani bado. Nami nilimwacha na chumba chake, maana kimepangwa vizuri kuliko changu. Yule muuza viungo alikuja, nikampa hapana akaisikia mpaka jirani.

Na wewe je? Hiyo anwani mpya ni ya nini? Usidhani sijaona kwamba kila nikiuliza ofisi unanijibu tarumbeta.

Shangazi


22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wasalimie wote, na mwambie baba nimepata ule mkanda wa goti, atauona kwenye kifurushi.

Maandishi yenu yamefika. Nianze na ya Chiriku, kwa sababu yalifika kwa mafungu saba, kila fungu likisema “nimesahau na hili”. Ameacha “fundi mwenye uzoefu”. Duka lake sasa linaanza hivi: “Umepanga chumba, mwenye nyumba hataki uone hata kivuli cha msumari ukutani? Njoo tuongee.” Kisha anaonyesha namna ya kutundika pazia kwa fimbo ya kubana, na namna ya kushona pindo pana litakaloshushwa ukihamia kwenye dirisha refu. Huyo ndiye Chiriku. Hakuna anayeweza kumnakili.

Ya kwako yana neno “mimi” kila mstari. Nilitaka kuyapunguza, nikafika pale uliposema: “Watu hupima kioo. Mimi napima ukuta, maana mwanga haupiti kwenye kioo peke yake, unapita pembeni kama mwizi.” Nikaweka kalamu chini. Hizo “mimi” zibaki. Mtu mwenye nyumba kubwa na madirisha makubwa anamtaka mtu wa namna hiyo.

Na dada Kimya. Ametuma karatasi moja. Nanakili hapa kwa sababu nataka uione kama nilivyoiona:

“Pazia la wodi halishonwi kama la sebuleni. Juu acha wavu, taa na hewa vipite hata likifungwa. Chini lisiguse sakafu, kwa sababu sakafu ya wodi inapigwa deki kila mara, na pazia likilowa linabeba uchafu. Marinda yawe machache, marinda huficha vumbi. Pete zisilie linapovutwa, kuna mtu amelala. Mgonjwa atalitazama kutwa, kwa hiyo rangi isipige kelele.”

Shangazi, nimefanya kazi hii miaka, nimesoma kurasa za maduka mpaka macho yameota kutu. Sijawahi kuona ukurasa kama huu. Sikugusa hata nukta.

Limebaki jambo moja gumu. Lile pazia zito la kuzuia mwanga mnaliuza wote, na ni lile lile. Hapo kuandika tofauti ni kujidanganya. Duka moja tu litakuwa na ukurasa wake kamili. Mengine mawili yataendelea kuliuza, ila nitayawekea alama ambayo mteja haioni, inayouambia mtambo: asili iko kule. Anayewekwa asili ndiye atakayeonekana mtu akilitafuta. Mimi sichagui. Amueni nyinyi watatu, mkiwa chumba kimoja.

Sasa kuhusu ofisi. Niliacha kazi mwezi wa tatu. Bosi alipata mteja mwenye maduka kumi, yote yanauza kitu kimoja, akataka niyafiche yaonekane ya watu kumi tofauti, yaani wateja wadhani wanalinganisha bei kumbe wanazunguka kwa mtu mmoja. Nilimwambia siwezi. Akasema wanaoweza wako wengi. Nikachukua kikombe changu nikashuka ngazi zote kwa miguu. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeshawatangazia watu ile ghorofa, na sikutaka kukuangusha kutoka juu huko. Sasa nina chumba kimoja, meza moja na mlango wenye jina langu. Nyinyi ndio wateja wangu wa kwanza.

Mtundu


11 Julai

Mwanangu, mwenye mlango,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nilipofika pale pa kushuka ngazi na kikombe niliinuka nikafunga karakana. Chiriku akauliza, “Mama, kuna msiba?” Nikamwambia kuna harusi. Kisha nikampigia yule mwalimu mkuu, na mteja wa jana, na wa juzi, nikawaambia habari ya ghorofa waifute. Binti wa kaka yangu ana ofisi yake. Alikataa uongo wa mtu mwenye pesa, akatoka kwa mguu wake. Baba yako alikwenda nyuma, akarudi amevaa shati la kutokea, akakaa nalo mpaka jioni, bila kwenda popote.

Uniangushe kutoka juu? Mimi sikukaa kwenye ghorofa, mtoto wewe. Nilikaa kwako.

Sasa la pazia zito. Nilimwita Kimya, akaja. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani kama mgeni. Chiriku alianza, bila shaka.

“Duka langu ndilo linaloonekana sasa. Tukiliondoa tutapoteza wateja sote. Hiyo ni akili tu, wala si ugomvi.”

Mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari. Nilitaka kusema kwamba asili ya karakana hii ni nani kama si mimi? Lakini ile barua yako ilikuwa mezani, na Chiriku, ambaye hawezi kuona karatasi akaiacha, akaichukua akaanza kuisoma kwa sauti, akitafuta pa kutania. Akafika kwenye maneno ya dada yake. “Pete zisilie linapovutwa, kuna mtu amelala.” Sauti ikashuka. Akayamaliza kimoyomoyo. Sijawahi kumsikia Chiriku akisoma kimoyomoyo.

Alipomaliza alimgeukia. “Dada, lile pazia zito, ile namna ya kuunganisha tabaka mbili bila tundu la sindano kupitisha mwanga, si wewe uliyeigundua?”

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

“Mama hakukufundisha?”

“Mama alisema haiwezekani,” Kimya akasema.

Ni kweli. Nilisema. Wote wawili wakanitazama, nikatazama pasi.

“Basi asili ni wewe,” Chiriku akasema. “Na ile picha ya Januari nitaitoa leo. Si kwa ajili ya mtambo. Niitoe tu.”

Kimya akaweka mkoba chini. Hakurudi karakanani, mwanangu, na sasa sitaki arudi. Ana chumba chake na zahanati yake. Lakini alikaa mpaka chai, na wakacheka jambo la utotoni ambalo sikualikwa.

Andika basi kwenye huo mtambo: asili ni Kimya. Nimekushonea pazia la dirisha la ofisi. Nimelipima kwa picha uliyotuma, nimepima ukuta. Nyuma ya upindo kuna lebo yangu, na wewe ukienda kwa wateja wako weka yako.

Shangazi


3 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Pazia limetundikwa. Mteja wa pili aliingia akauliza nimelipata wapi kabla hajauliza bei yangu.

Nilisubiri kuandika mpaka niwe na la kusema, kwa sababu mambo haya hayaivi kwa siku moja. Yameiva. Mtu akitafuta mapazia ya nyumba kubwa anakukuta wewe. Akitafuta pazia la chumba cha kupanga, Chiriku, tena hakushuka kama alivyoogopa. Akitafuta pazia zito, au la wodi, Kimya yuko juu ya kampuni zenye magari ya kubebea mizigo na watu wa matangazo. Leo asubuhi nilitafuta “mapazia”, neno hilo tu. Mlitokea wawili kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja na lake. Nimetengeneza maduka ya watu wengi, Shangazi. Haya nayaonyesha kila anayekaa mbele ya meza yangu.

Kimya ameniandikia mstari mmoja: “Hospitali kubwa imeniita.” Ni ipi? Amekataa kusema zaidi. Nieleze wewe.

Mtundu


19 Oktoba

Mwanangu Mtundu,

Marahaba. Baba yako anatembea na mkanda wa goti juu ya suruali ili watu wauone. Chiriku ameajiri msaidizi, naye msaidizi ameomba pamba za masikio.

Hospitali ni ya mbali, kutwa nzima kwa basi. Muuguzi mkuu wao aliusoma ukurasa wa Kimya, akaandika kwamba ni mara ya kwanza kuona muuza mapazia anayekumbuka kuna mtu amelala. Wakaagiza ya wodi nzima ya wanawake. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mikono yake, akaja kutuomba. Alisema, “Nahitaji mafundi wawili.” Mafundi! Mimi na Chiriku! Tukaenda kushona kwake, chini ya maelekezo yake, na mara moja alinifumulia pindo. Mimi, nikafumuliwa. Nililishona upya, na lilitoka zuri zaidi, ingawa kwake sikukiri.

Tulikwenda wote kuyatundika. Wodi ndefu, madirisha upande mmoja, vitanda viwili viwili vinatazamana. Kimya alikuwa juu ya ngazi, Chiriku anampa pete, mimi chini. Rangi aliyochagua ni ya majani machanga, ile isiyopiga kelele. Lilipotundikwa la kwanza akalivuta mpaka mwisho, halikulia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa amefumba macho, hakuyafumbua.

Muuguzi mkuu akaja na madaktari wawili na watu wa ofisi. Akalishika pazia, akatazama wavu wa juu, akainama kuona nafasi ya chini. Kisha akageuka akanitazama mimi. Mimi ndiye mkubwa kwa umri, na futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwangu kama nishani.

“Mama, hongera,” akasema. “Hii ndiyo kazi. Nani aliyeibuni?”

Unanijua, Mtundu. Unajua mdomo wangu unavyofunguka kwa swali kama hilo.

Nikanyoosha kidole juu ya ngazi.

Wote wakainua vichwa. Kimya akashika ngazi kwa mkono mmoja, akainamisha macho, nikajua sasa atatikisa kichwa tu na yataishia hapo. Daktari mmoja akamuuliza kwa nini wavu haukufika ukutani. Akamjibu. Mwingine akauliza jambo la kufua. Akamjibu, akashuka vipandio viwili, akawaonyesha mshono kwa kidole, akaeleza la deki, akaeleza la vumbi, akawauliza na yeye: hawa wagonjwa usiku taa wanazimiwa au wanapunguziwa? Maana kama wanazimiwa, kitanda cha mwisho kinahitaji kitambaa kingine. Muuguzi mkuu akatoa kalamu akaanza kuandika anayoambiwa.

Aliongea, mwanangu. Aliongea mpaka Chiriku akakaa kwenye stuli kusikiliza.

Mimi nilishika ngazi. Sikusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho, na haikuniuma hata kidogo. Muulize Chiriku, maana najua wewe hutaamini.

Shangazi yako, mama wa Kimya